Sikio la tepu

Katika mazoezi ya siku nzima, kilichoninasa hakikuzidi ncha ya kidole gumba. Kijana wa zimamoto, Dar es Salaam, alikuwa akivalishwa ovaroli ya kumkinga na kemikali za majimaji. Mwenzake alizungusha tepu pale mkono wa ovaroli unapokutana na glovu, akaikata, halafu akaikunja ncha yake gundi kwa gundi. Kikabaki kijisikio kisichonata. Akafanya hivyo mkono wa pili, buti zote mbili, na juu ya kifuniko cha zipu. Masikio matano.

Ya nini? Mwalimu wao, mama wa makamo aliyeniomba nisimtaje jina na ambaye wote humwita Afande, hakunijibu. Alinivalisha glovu mbili, nyembamba ndani, nene juu, akaninyooshea mkono wenye tepu isiyo na sikio.

“Bandua.”

Nilihangaika. Vidole vilikuwa vimekuwa mihogo.

“Sasa glovu hiyo ina asidi, na mwenzio ndani ya vazi anaishiwa hewa ya mtungi. Utaanza kumkwangua?”

Afande hufundisha kuvua kabla ya kuvaa. Anayevaa bado ana nguvu na hajaguswa na kitu. Anayevua amechoka, ameloa jasho, na sumu iko juu yake. Vazi huoshwa kwanza, kisha hutelemshwa likigeuzwa ndani nje, upande uliorukiwa usikutane na ngozi. Glovu za ndani hutoka mwisho.

Hata pindo la mkono lina hesabu yake. Ukifanya kazi mikono ikiwa chini, mkono wa ovaroli hulala juu ya glovu. Ukifungua valvu iliyo juu ya kichwa chako, glovu ndiyo hulala juu, maana tone litakimbilia kwapani. Suruali sikuzote huwa nje ya buti. “Muulize fundi wa kuezeka,” aliniambia. “Bati la juu hulalia la chini. Sisi tunaezeka mtu.”

Na tepu, alisisitiza, hushikilia tu. Kinachozuia ni vazi, nalo huzuia kwa muda. Kemikali inaweza kupita katikati ya kitambaa kizima, bila tundu, bila kuacha alama. Mwaka 1996 mwanakemia Karen Wetterhahn wa chuo cha Dartmouth, Marekani, alidondokewa na matone machache ya dimethili-zebaki juu ya glovu ya mpira. Glovu haikuchanika. Alifariki Juni 1997. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba sumu ile huipenya glovu kama hiyo kwa sekunde 15 au pungufu.

Ndiyo maana Afande hatembei bila jedwali la mtengenezaji, kemikali moja moja na dakika zake. Vazi linalostahimili maji makali ya betri kwa saa nyingi linaweza kushindwa mapema na kiyeyushi cha rangi. Lakini jedwali lake limepimwa kwa kanuni za Ulaya, katika joto la nyuzi 23 hivi, na joto likizidi kemikali hupenya upesi zaidi. Siku ile Dar es Salaam ilikuwa nyuzi 32. Dakika ngapi zipunguzwe? Nani aziandike? Na kijana aliye ndani, ambaye jasho lake halina pa kutokea, ataanguka kabla vazi halijashindwa?

“Mimi huwatoa mapema,” alisema. “Wananinung’unikia. Wanung’unike wakiwa hai.”

Jioni ovaroli mbili zilikuwa kambani, zimeandikwa MAZOEZI mgongoni kwa wino mwekundu ili zisije zikapakiwa kwenye gari la tukio. Moja iliwahi kurukiwa na asidi, nyingine ni mpya iliyochaguliwa kufundishia. Nilizipapasa zote, nikakagua mishono, nikainua moja juani. Nikamuuliza Afande ni ipi.

“Kwa macho,” alisema, “zote nzima.”