Miti ya Mlima Meru na Majina Yake

Katika nyumba nyingi za Wakristo huku Olasiti, mtoto akiulizwa majina ya miti hutaja upesi mkaratusi, mgrivelia na msonobari. Hakosei, maana ndiyo aionayo kila siku. Walakini mkaratusi na mgrivelia asili yake ni Australia, na msonobari wa mashamba ya serikali chini ya Mlima Meru ulitoka Meksiko. Miti iliyokuwako kwanza, wazee ndio waijuao kwa majina, nao wanapungua.

Kwa sababu hiyo tuliwachukua vijana wa darasa la kipaimara pamoja na wazee wawili, tukaenda upande wa Momela, katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha iliyoanzishwa mwaka 1960. Huko hatembei mtu kwa miguu peke yake, kwa ajili ya nyati. Hutangulia askari mwenye bunduki.

Tulianza na mzeituni wa mwitu, ambao kwa Kimaasai huitwa oloirien. Vijana walishangaa, kwani hupita kata ya Oloirien mjini wasijue ya kuwa wanautaja mti. Mzee akawaeleza jinsi kijiti chake kinavyochomwa, na kaa lake kusuguliwa ndani ya kibuyu, ili maziwa yasiharibike upesi, yapate na harufu njema. Huu ni ndugu wa kweli wa mzeituni wa Biblia. Mwangati sivyo: Wazungu waliuita mwerezi, wakatengeneza kalamu za risasi kwa mbao zake, bali si jamaa ya mierezi ya Lebanoni. Kando ya kijito palikuwa na msesewe, ambao gome lake hutiwa katika pombe, hapo hatukukawia.

Tulikaa zaidi chini ya mtini mkubwa, ambao mizizi yake imeshuka pande mbili za njia hata ukawa kama lango. Tembo aweza kupita katikati. Mti huu huanzia juu. Ndege hula tunda lake, hudondosha mbegu katika panda ya mti mwingine, na mizizi hushuka polepole hata udongoni. Baada ya miaka mingi mwenyeji wake hufa, mtini ukabaki peke yake. Tena maua yake yamefichwa ndani ya tunda, na nyigu wadogo mno ndio waingiao humo na kupeleka chavua. Pasipo nyigu hao hapana mbegu.

Hapo mzee mmoja akasema, "Huu ndio oreteti. Baba zetu waliomba chini yake."

Kijana akauliza, "Babu, basi sisi tuliobatizwa, haitupasi kuukata?"

Mzee akatutazama sisi. Tukamjibu kijana ya kuwa mti haukutaka kuabudiwa. Aliyeacha kuomba chini yake amekwisha kuacha, na shoka haliongezi neno. Marehemu Wangari Maathai wa Kenya, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alieleza jinsi mtini wa kwao ulivyokatwa, na kijito kilichokuwa karibu nao kikakauka.

Katika hifadhi hairuhusiwi kuchukua hata jani. Lakini mzee wetu anao oreteti mmoja mpakani mwa shamba lake hapa Olasiti, na tawi lake likichomekwa ardhini huota. Masika yakianza, atakaye na aje kwake na panga.