Chama, Simu na Shilingi 3,000

Katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, kibarua hulipwa kwa siku, lakini kodi ya nyumba hudaiwa kwa mwezi. Ndiyo maana chama kinapendwa: wanachama huchanga kila wiki, na fungu lote humwendea mmoja kwa zamu.

Mchango huo hauzai riba.

Novemba 2012 ilikuja M-Shwari, akiba na mkopo kwa simu. Mkopo wa siku 30 ulitozwa ada ya asilimia 7.5: aliyekopa shilingi 1,000 alirudisha 1,075. Akirudia kila mwezi, ada za mwaka zilifika 900.

Machi 2017 serikali ilileta M-Akiba, hatifungani (mkopo wa mwananchi kwa serikali) iliyonunuliwa kwa simu kuanzia shilingi 3,000. Ililipa asilimia 10 kwa mwaka bila kodi, yaani shilingi 300 kwa kila 3,000.