Hatukukosa Nyumba

Nikimwambia mtu wa kwetu Mombasa kwamba naishi chomboni, Seattle, mwaka mzima pamoja na miezi ya baridi, huwa napata majibu ya namna mbili. Mmoja huona meli nyeupe ya matajiri yenye kijana wa kugawa vinywaji, na kabla hatujaagana ashauliza lini nitamtumia tiketi. Mwingine, kama shangazi yangu, hunyamaza kidogo kisha huuliza kwa sauti ya matanga: “Mwanangu, kwani nyumba zimekwisha huko?”

Wenyeji wa nchi kavu hapa hapa Seattle nao hawana nafuu. Wao walilishwa sinema. Tangu 1993, Tom Hanks alipoonekana akikaa kwenye nyumba inayoelea Lake Union katika Sleepless in Seattle, kila mtu anajua, au anadhani anajua, kuishi majini kulivyo. Zile ni nyumba kweli, zina milango na ngazi na maua ya kwenye vyungu, haziendi popote, na bei zake ni za kutajwa kwa kunong’ona. Sisi tuna mkuku na mlingoti. Tukifungua kamba, tumeondoka.

Gati letu liko Shilshole, mtaa wa Ballard, upande wa maji ya chumvi, nje ya yale malango ya maji yaliyofunguliwa 1917 ili vyombo vipite baina ya Puget Sound na maziwa ya mjini. Ukuta wa mawe unatukinga, na ndani yake vimefungwa vyombo zaidi ya elfu moja. Vingi havina mtu. Wakaazi ni wachache: wauguzi, wastaafu, vijana wa kompyuta, mwalimu mmoja wa fizikia, na mimi. Kiangazi sitakisemea kitu. Kiangazi kila mtu ni baharia. Mila zetu huanza Oktoba, wenye vyombo wa Jumamosi na Jumapili wanapofunga milango na kurudi makwao.

Niseme kwanza habari ya mvua, maana nayo imesingiziwa. Seattle haipati mvua nyingi. Kwa mwaka ni kiasi cha milimita 950 hadi 1,000, wakati Unguja hupata zaidi ya 1,500. Ila ya Unguja hushuka, ikafanya kazi yake, jua likatoka. Hii ya huku ni manyunyu, yanakuja Oktoba kama mgeni asiyejua kuaga, na Machi bado yamekaa. Katikati ya Desemba jua huchomoza karibu na saa mbili na kuzama saa kumi na dakika ishirini. Adhana ya magharibi hulia kwenye simu yangu na mimi bado nina kazi za alasiri.

Mvua ya nje, hata hivyo, si adui. Adui ni maji tunayoyatengeneza wenyewe. Watu wawili wakilala ndani ya chombo cha futi 34, pumzi zao za usiku kucha hukusanyika juu ya kila kilicho baridi: fremu za alumini za madirisha, vichwa vya boliti, ubavu wa chombo nyuma ya nguo zilizokunjwa. Asubuhi kabla ya chai mtu hushika kitambaa, akaanza omo, akaishia tezi, dirisha moja moja. Godoro halilazwi juu ya ubao mtupu. Huwekewa fito chini ili hewa ipite, na Jumamosi husimamishwa wima hata kama anga lote ni maji. Moto wa gesi nao hutoa mvuke, kwa hiyo ukipika wali unafungua kidogo mlango wa juu, mvua ikaingia matone matatu manne, na unashukuru, kwa sababu hewa ya moto iliyofungiwa imeua watu usingizini. Asiyefuta na kufungua, kuvu humla viatu, vitabu, kisha mapafu.

Umeme huja kwa waya mmoja kutoka gatini: amp 30 kwa volti 120, yaani wati 3,600 basi. Hita ndogo moja hula 1,500, birika la umeme hula 1,500 nyingine, na pembeni kuna mashine ya kukausha hewa. Ndiyo maana ukipita gatini saa kumi na mbili asubuhi, gizani, utasikia mtu akipiga ukelele: “Birika!” Mwenzake huzima hita bila kuuliza. Akisahau, taa zote zinakufa, na yeye ndiye wa kuvaa koti atoke mvuani kuirudisha swichi kwenye kisanduku cha gatini. Mgeni akisikia hivyo hudhani mke na mume wameamka na ugomvi.

Sasa nije kwenye ile ninayoipenda kuliko zote, ambayo hakuna aliyewahi kuiita mila. Vyombo vingi vya umri wetu vina mlingoti unaopenya sitaha mpaka chini, ukakalia mkuku. Mvua huingia juu kwenye matundu ya kamba, ikateremka ndani ya mlingoti, ikaishia ngamani. Tezi na omo, marejeo ni ngamani, na huku hata mawingu yamo kwenye hesabu hiyo. Maji yakifika kimo chake, pampu huwaka yenyewe, ikayatema ubavuni, ikazima. Sauti ile ya kutema kila mtu anaijua kwake, na anaijua kwa jirani yake pia. Jirani yangu wa kulia ni fundi wa ndege mstaafu mwenye chombo cha mbao. Siku ya mvua ya kawaida, pampu yake hutema mara moja baina ya magharibi na isha. Usiku mmoja wa Januari niliisikia ikitema, na sijageuza ukurasa ikatema tena. Nilivaa buti nikaenda kubisha. Tulipofunua ubao wa sakafu, bomba la sinki lilikuwa limechomoka kwenye vali, na bahari ilikuwa ikiingia kwa unene wa kidole gumba. Aliifunga vali, akakaa kwenye ngazi na soksi zake zimelowa, akanitazama.

“Ulikuwa unahesabu?”

“Nahesabu siku zote.”

“Na mimi yako,” akasema, tukateleka chai.

Kuna watu wanaotuhurumia kwamba tunaishi karibu mno, kwamba hatuna faragha. Faragha ya kuzama peke yako, nani anaitaka?

Na tena faragha tunayo, na ina adabu yake. Huku hubishi mlango. Unabisha ubavuni mwa chombo kwa vifundo vya vidole, kisha unarudi nyuma hatua moja ukangoja mvuani. Sitaha ya mtu haikanyagwi bila ruhusa, awe rafiki yako wa chanda na pete, kwa sababu chombo huinama ukikitia mguu, na aliye ndani huhisi uzito wako kabla ya kusikia sauti yako. Usipojibiwa, unakwenda zako. Waliotoka fleti za mjini walihitaji kufundishwa haya. Mimi niliyelelewa kwamba hodi ya tatu ndiyo ya kuondokea nilijiona nimefika nyumbani. Viatu huvuliwa chini ya turubai, na hilo nalo nilikuja nalo.

Adabu hiyo hufutika usiku wa dhoruba. Dhoruba za Novemba na Desemba hutupiga kutoka kusini, na ukuta wa mawe huzuia mawimbi lakini hauzuii upepo. Henza ikiachwa ikigonga mlingoti, ngo ngo ngo, yeyote ana haki ya kupanda akaifunge pembeni, na mwenye chombo hana neno. Tanga la mbele likianza kujikunjua lenyewe, kamba ya gati ikianza kulika kwenye ukingo, watu hutoka na tochi za kichwani, hawaitani, kila mmoja anajua aanzie wapi. Wanafunga kamba za pili kwenye vyombo vya watu waliolala majumbani kwao kwenye vitanda vikavu. Kesho yake hakuna anayempigia mwenyewe simu kujisifu. Akija Jumapili atakuta fundo ambalo si lake, na akiwa na akili ataelewa.

Na hakuna anayemcheka aliyeteleza. Maji ya hapa wakati wa baridi huwa nyuzi 8 au 9 za Selsiasi, na mtu mwenye koti zito na buti ana dakika chache tu za mikono inayomtii. Mbaya zaidi, majira ya baridi maji hupwa sana usiku, si mchana, na wakati wa bamvua daraja la kushukia gatini hugeuka kipando cha mbuzi, nalo limelowa. Kwa hiyo sokoni tunakwenda kwa jedwali la maji. Ukimwona mtu na mkokoteni wa mboga saa ya maji kupwa, jua huyo mgeni, na ukamshikie upande mmoja.

Desemba kuna meli za Krismasi zenye taa na kwaya, desturi ya tangu 1949. Zinapendeza. Baraza letu hasa ni chumba cha kufulia nguo, kwa sababu ndicho chenye joto la bure, na humo ndimo utakamosikia nani anauza hita na nani ameachwa na mkewe.

Kuna tuhuma moja ambayo sitaipitia juu juu: kwamba tunachafua bahari. Tangu 2018 ni marufuku kwa vyombo kama vyetu kumwaga maji taka ya chooni ndani ya Puget Sound, hata yakiwa yametiwa dawa. Yetu hukaa kwenye tangi, na boti la kunyonya huja kuyachukua, mvua isinyeshe au inyeshe. Wanaotunyooshea vidole wangetazama kwanza barabara zao zinapooshwa na mvua ya Novemba, wakauliza ule mchirizi wa mafuta unaishia wapi.

Na watu wa pwani yetu wasinicheke. Mabaharia wa majahazi waliokuja na kaskazi kutoka Ghuba na Arabuni walikaa Bandari ya Kale ya Mombasa miezi, wakingoja kusi iwarudishe. Walipika chomboni, wakalala chomboni, wakafanya biashara, wengine wakaoa. Bibi zetu hawakuwaita wasio na makwao.

Kinachonitia uchungu ni kwamba tunapunguzwa. Katika jimbo hili la Washington, kanuni ya ardhi ya jimbo iliyo chini ya maji inasema makaazi yasizidi asilimia 10 ya nafasi za bandari ya boti, ila pale mamlaka ya mahali yatakapopanga vingine. Orodha ya kungoja nafasi ni ndefu. Juu ya kodi ya gati kuna ada ya kuishi. Halafu bima: bila bima hufungi kamba, na kampuni za bima chombo kikishazeeka hudai kikaguliwe kwanza, na mkaguzi hulipwa hata akikukatalia. Chombo cha mbao cha jirani yangu kitakataliwa siku moja, hilo tunalijua sote wawili. Wanaoondoka hivyo hawafi, wanahamia fleti za mbali, ghorofa ya tatu, wanatuma picha za madirisha makavu. Nafasi zao huchukuliwa na vyombo vipya vinavyolindwa na kamera iliyofungwa langoni, ambayo inaweza kuona mwizi lakini haisikii pampu.

Kimoja kimefungwa kushoto kwangu. Mwenyewe anakaa mji mwingine. Ni kizuri, sikatai, na wiki hii yote ya mvua sijakisikia kikitema hata mara moja. Huenda ngama ni kavu. Huenda betri imekufa, na mstari wake wa maji naona kama umeshuka. Nimemwandikia, hajajibu. Ofisini wameniambia hawaruhusiwi kupanda chombo cha mteja mpaka atie saini. Mvua ikiendelea hivi hivi, Ijumaa nitapanda mimi, nimfunulie ubao wa sakafu nitazame, na akitaka anishitaki.