Tomato Sosi Ilianza Bila Nyanya

Ile chupa nyekundu ya kwenye banda la chipsi, ambayo wengi tunaiita tomato tu, asili yake ni samaki. Kusini mwa China na nchi za jirani, watu walipanga samaki wadogo na chumvi mitungini, wakawaacha miezi kadhaa mpaka wakatoa mchuzi wa kahawia wenye harufu kali. Wafanyabiashara wa Kiingereza waliukuta mwishoni mwa karne ya 17, wakaupenda, wakaenda nao kwao kwa jina la kechapu.

Huko kila mpishi akaigiza kwa alichonacho. Mwaka 1727 Eliza Smith alichapisha Uingereza kitabu chenye kechapu ya dagaa wa chumvi, siki, mvinyo, tangawizi na karafuu. Wengine walitumia uyoga: waliunyunyizia chumvi, wakaulaza, wakaukamua, kisha maji yake wakayachemsha na viungo hadi yakawa meusi. Nyanya zilichelewa sana. Maelekezo ya mwanzo kuchapishwa ni ya James Mease wa Philadelphia, mwaka 1812, nayo hayakuwa na siki wala sukari.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii, kwa sababu rojo la nyanya huchacha upesi. Viwanda vingi vya Marekani vilisaga maganda na mabaki ya nyanya za makopo, vikaongeza rangi, kisha vikazuia uozo kwa kemikali, hasa sodiamu benzoeti. Harvey Wiley, mkemia mkuu wa Wizara ya Kilimo, alipinga kwa nguvu, na mwaka 1906 ikapitishwa sheria ya usafi wa vyakula. Kampuni ya Heinz, iliyokuwa ikiuza kechapu tangu 1876, ikaachana na benzoeti. Ilichukua nyanya zilizoiva vizuri, zenye pektini ya kutosha kuleta uzito, ikazidisha siki na sukari. Ukali wa siki huwazuia bakteria. Sukari huwanyima maji.

Kwa hiyo ladha ile ya utamu na uchachu tuliyoizoea ilitokana na haja ya kuhifadhi nyanya. Benzoeti bado inaruhusiwa leo kwa viwango maalumu, na kwenye lebo huandikwa pia E211. Viambato huorodheshwa kwa uzito, kizito kikitangulia. Ukishika chupa dukani, soma: kama maji, sukari na wanga vimeitangulia nyanya, irudishe.