Mbwa Anayeogopa Gari

Takribani watu 99 katika kila 100 wanaokufa kwa kichaa cha mbwa duniani huwa wameambukizwa na mbwa. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani na washirika wake waliweka lengo la kukomesha vifo hivyo ifikapo mwaka 2030, na njia yenyewe ni nyepesi kuieleza: kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika maeneo yenye ugonjwa. Ugumu umo katika utekelezaji. Sehemu ya ugumu huo hutajwa kwa nadra, nayo ni kwamba wapo mbwa wasiofika kwenye chanjo kwa sababu tu hawapakiziki garini.

Mbwa wengi wa mijini mwetu hufugwa kwa ajili ya ulinzi. Mchana hufungiwa bandani, usiku hufunguliwa wazunguke ua. Mbwa wa namna hii aweza kufikisha miaka mitatu bila kuvuka geti. Siku ya chanjo anakamatwa na vijana wawili, anafungwa kamba shingoni, anatupwa nyuma ya pikapu au anabanwa katika buti la teksi. Injini inanguruma, sakafu inayumba, na mwisho wa yote anakutana na mtu asiyemjua mwenye sindano. Mwaka unaofuata, akiona tu mlango wa gari ukifunguliwa, hujificha, akivutwa, huuma. Mkono ulioumwa ndio utakaoletwa zahanati jioni.

Hapana ukaidi katika tabia hiyo. Ivan Pavlov, mwanafiziolojia wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa akizoeshwa kusikia ishara fulani kabla ya chakula, mwishowe hudondokwa na mate kwa ishara peke yake. Hofu hujengeka vivyo hivyo, tena kwa haraka zaidi: safari moja mbaya yaweza kutosha. Kuibomoa huhitaji siku nyingi, na hili ndilo wenye mbwa wengi hawalikubali kwa urahisi.

Kabla ya kuanza mafunzo, yafaa kutenganisha hofu na kichefuchefu. Mbwa, kama binadamu, huhifadhi mizani ya mwili kwa ogani iliyo ndani ya sikio. Gari linapoyumba, taarifa za ogani hiyo hazipatani na yale macho yanayoona, naye huchafukwa na tumbo. Watoto wa mbwa huathirika zaidi, na wengi hupona wakikua. Dalili za mambo haya mawili hufanana: kupiga miayo, kulamba midomo, kutetemeka, kutokwa na mate. Tofauti moja husaidia. Mwenye hofu huanza kutetemeka gari likiwa bado limesimama. Mwenye kichefuchefu huanza baada ya mwendo. Lakini mbwa aliyetapika mara kadhaa hujifunza kuliogopa gari, na hapo mambo mawili huwa moja. Asilishwe saa chache kabla ya safari, bali maji apewe. Ipo dawa ya kuzuia kutapika iitwayo maropitanti, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama, ambayo daktari wa mifugo aweza kuiandika. Dawa za binadamu zilizobaki kabatini zisiguswe. Ibuprofeni, kwa mfano, yaweza kumtoboa mbwa vidonda tumboni na kumharibu figo.

Mafunzo yenyewe huanza gari likiwa limezimwa. Mlango uachwe wazi, na sahani ya chakula chake iwekwe hatua chache kutoka hapo. Kila siku isogezwe karibu kidogo, hata ale akiwa ndani. Akikataa kula, sahani imefika karibu mno, irudishwe nyuma. Kula ndicho kipimo bora alichonacho mwenye nyumba, kwa kuwa mbwa aliyeshikwa na hofu kubwa hukataa hata nyama. Baadaye mlango hufungwa kwa dakika moja, kisha injini huwashwa bila kuondoka, kisha gari hutoka hadi getini na kurudi. Safari za kwanza ziishie mahali pa kupendeza, si kwa mganga. Mbwa mwoga huweza kuchukua majuma kadhaa. Basi, kama kampeni ya chanjo hufanyika kwenu kila Septemba, kazi ianze Julai.

Wasio na gari, nao ndio wengi, wanaweza kuanza na bajaji ya jirani iliyoegeshwa. Dereva aarifiwe mapema, wala si mlangoni. Pwani hasa, madereva wengi Waislamu hawapendi mate ya mbwa yaguse viti vyao, kwa sababu ya twahara, na wana haki ya kukataa. Penye tenga au sanduku imara lenye matundu, mbwa mdogo asafiri humo. Mkubwa afungwe mkanda wa kifuani, kwani kamba ya shingoni huweza kumnyonga akiruka kutoka kwenye pikapu. Kamwe asiachwe ndani ya gari juani: mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na ndani ya gari lililofungwa joto laweza kupanda kwa takribani nyuzi 10 katika dakika 10 za mwanzo.

Sasa kuhusu mate. Mbwa aliyechafukwa na safari huacha kutokwa na mate muda mfupi baada ya kushuka. Hunywa maji, humtambua mwenyewe, hurudia hali yake. Mbwa anayetokwa na mate bila safari yoyote, aliyebadilika sauti, anayeshindwa kumeza, anayeuma vitu ovyo au ambaye taya lake limelegea, asipakiwe garini hata kidogo. Aitwe daktari wa mifugo. Wala mtu asimtie mkono kinywani akidhani amekwamwa na mfupa. Kosa hilo limekwisha kuwagharimu watu uhai.

Aliyeumwa au kukwaruzwa wakati wa kumpakia mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kwa mhudumu wa zamu: maelezo kwamba mbwa aliuma kwa sababu alivutwa hayatoshi kuondoa shaka ya kichaa, hasa ikiwa hajachanjwa. Matibabu yaanze bila kungoja. Mbwa naye, ikiwa yu mzima, asiuawe kwa hasira, bali afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akimaliza siku hizo akiwa na afya, mate yake hayakuwa na virusi siku alipouma, na daktari anaweza kuzisimamisha dozi zilizosalia.