Ukaazi wa kudumu Ujerumani: miaka huanza kuhesabiwa lini?

Kazi yangu ni ya chai. Majani yanayouzwa mnadani hapa Mombasa huchumwa huko juu, na mara mbili tatu kwa mwaka hunibidi kupanda bara hadi Kimulot, upande wa Konoin, Kaunti ya Bomet. Zamani mazungumzo ya huko yalikuwa bei ya kilo na bonasi. Siku hizi hujamaliza kikombe cha kwanza, ushaulizwa habari za Ujerumani.

Sababu haijifichi. Mashine za kuchuma chai zimepunguza kazi za mikono katika mashamba makubwa, na Mei 2023 waandamanaji wa Kericho walizitia moto. Kisha tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zikatia saini mkataba wa uhamiaji mjini Berlin. Ikavuma kwamba Wakenya wametengewa nafasi 250,000. Serikali ya Ujerumani ilikanusha waziwazi: mkataba hautaji idadi yoyote. Lakini uvumi ulikuwa umeshapanda mlima.

Safari iliyopita mzee mmoja, ambaye binti yake anasoma Kijerumani ili aende kujifunza uuguzi, aliniambia, "Nyinyi watu wa Mombasa mmezoeana na Wajerumani tangu zamani. Hebu nieleze, huyu mtoto akienda, ni miaka mingapi mpaka awe mkaazi wa huko, si mtu wa kuhesabiwa siku?" Ameuza ng'ombe wawili kulipa ada. Niliona ameuliza lile ambalo wengi hawaulizi, na kwa kuwa watoto wetu wa Pwani nao wamo katika madarasa hayo hayo, nalijibu hapa pia.

Kibali unachoingia nacho si ukaazi. Kina tarehe ya mwisho, na kimefungamana na shughuli iliyokupeleka: mafunzo, kazi au ndoa. Shughuli ikivunjika, kibali kinatikisika. Ukaazi wa kudumu, kwa Kijerumani Niederlassungserlaubnis (usijisumbue kuitamka, ijue tu kwa macho), hauna tarehe ya kuisha, na unakuruhusu kufanya kazi yoyote kwa mwajiri yeyote.

Watu husema "miaka mitano" kana kwamba saa huanza kugonga uwanja wa ndege. Sivyo. Binti wa mzee atasoma uuguzi miaka mitatu, kisha afanye kazi ya fani hiyo miaka miwili, ndipo aombe. Anayekwenda akiwa tayari ana ujuzi uliotambuliwa na Wajerumani na akapewa kibali cha fundi au mtaalamu, hungoja miaka mitatu. Njia ya kawaida, kwa asiye na nafuu hizo, ndiyo miaka mitano. Na yule aliyeanza kwa mwaka wa kulea watoto nyumbani kwa watu, mwaka ule haumo katika miaka ya utaalamu.

Hapa ndipo wengi hukwama. Hazihesabiwi siku za kukaa peke yake. Huhesabiwa pia miezi uliyochangia mfuko wa pensheni, mfano wa NSSF yetu. Aliyesomea fani huko hutakiwa miezi 24, mtaalamu aliyetoka nje miezi 36, na njia ya kawaida ni miezi 60. Mwezi uliolipwa mkononi bila makato, kwa hesabu hii ni kama hukufanya kazi. Kwa hiyo karatasi ya mshahara ya kila mwezi iwekwe kama cheti cha kuzaliwa. Juu ya hayo kuna Kijerumani cha ngazi ya B1, kipato cha kujitegemea, nyumba ya kutosha, na mtihani wa maswali 33 kuhusu sheria na maisha ya nchi. Kwa ukaazi, 15 yakiwa sahihi umepita.

Mzee akaniuliza la mwisho, nalo lilikuwa zito kuliko yote: mama yake akiugua, je, mtoto anaweza kuja kumuuguza? Anaweza. Lakini akikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita mfululizo, ukaazi ule wa kudumu hufutika wenyewe, hata kama kadi bado iko mfukoni. Mwenye dharura ndefu aiombe ofisi ya wageni muda zaidi kabla miezi sita haijaisha. Upo ukaazi mwingine, wa Umoja wa Ulaya, unaovumilia hadi miezi 12 nje ya Umoja huo, ila huo hutaka miaka mitano, na miaka ya mafunzo huhesabiwa nusu.

Kwetu Diani na Mtwapa njia iliyozoeleka ni ndoa. Aliyeolewa au kuoa raia wa Ujerumani anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu ya kuishi huko kwa kibali, ndoa ikiwa bado ipo na Kijerumani cha B1 kipo. Ndoa ikivunjika kabla ya miaka mitatu ya kuishi pamoja huko, kwa kawaida haki ya kubaki nayo huondoka, isipokuwa pakiwa na dhiki kubwa, kama vile kupigwa. Dada anayepigwa asikae kimya kwa kuhofia kibali; sheria imemfikiria.

Uraia ni mlango mwingine. Tangu 27 Juni 2024 Ujerumani haimlazimishi anayeuchukua kuacha uraia wake wa kwanza, na Katiba yetu ya 2010 nayo inaruhusu uraia wa nchi mbili. Mzee alipolisikia hilo, alimwita binti yake kutoka jikoni aje alisikie mwenyewe.