Rimoti ya winchi: ya waya au isiyo na waya?

Barabara zetu za Nunguni mnazijua. Mvua ya Novemba ikinyesha, pikapu ya kikundi inakwama mlimani na mboga za soko ndani. Kama mwethya wenu unanunua winchi, ulizeni pia habari ya rimoti. Isiyo na waya humwezesha mtu kusimama mbali, na hilo si jambo dogo: kamba ya chuma ikikatika huruka kama mjeledi. Lakini betri yake huisha, na kitufe kikibonyezwa mfukoni winchi yaweza kuvuta vidole vya anayefunga ndoano. Ya waya hutumia umeme wa gari. Sisi tungechukua hiyo. Pitisheni waya dirishani, mwendeshaji akae ndani. Wekeni gunia zito juu ya kamba, na watazamaji wote wasogee mbali kabisa.